Fundi Kioo na Neno la Kitanda

Mtaani hakuna aliyelijua jina lake la kuzaliwa, na kama walilijua walikwisha kulisahau. Walimwita Fundi Kioo. Ukimwonyesha kiti, anakurudishia kiti kilekile, kama vile umesimama mbele ya kioo. Mpelekee picha ya kabati iliyokatwa gazetini, na baada ya muda kabati hilo litatoka pichani na kuja kusimama mlangoni pako. Aliwahi kuletewa stuli yenye mguu mmoja mfupi ili aitengenezee pacha. Akaitengeneza, na pacha naye akachechemea. Mwenye stuli alipofoka, fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si ulisema nikutengenezee kama hii?"

Hakuwa na haya juu ya jambo hilo. Kubuni, alikuwa akisema, ni kazi ya watu wasiojua kutazama. Ufundi wenyewe hakufundishwa na mtu. Alijifunza ujanani kwa kusimama nje ya karakana za wenzake akijifanya anasubiri mvua ikatike, huku macho yakipima kila kiungo na kila msumari. Walipokuja kugundua kwamba yule kijana anasubiri mvua hata wakati wa jua kali, alikuwa tayari ana karakana yake.

Mwalimu wake wa baadaye alikuwa kitabu. Mteja mmoja aliyehamia ng'ambo alimwachia kitabu kinene cha picha za samani, kila picha na jina lake la Kiingereza chini yake. Fundi Kioo alikisoma kama watu wengine wasomavyo vitabu vya dini, taratibu na kwa kurudiarudia, hadi kurasa zikalainika kama kitambaa. Basi Kiingereza chake chote kikawa cha mbao. Salamu za Kiingereza hazijui, saa haulizi, lakini mtajie *wardrobe*, mtajie *stool*, mtajie *bookshelf*, atakwambia hata aina ya gundi. Na katika ukurasa aliokuwa akiupenda kuliko zote palikuwa na kitanda kidogo cha mtoto mchanga, chenye vijiti pande zote nne, na chini yake neno moja fupi: *crib*. Kitanda hicho alikuwa amekitengeneza kwa nusu ya watoto wa mtaa ule. Chake, yaani cha kumlaza mjukuu wake, ndicho tu hakuwa amekitengeneza, kwa kuwa mjukuu mwenyewe hakuwapo.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Kijana alikataa randa na msumeno tangu utotoni, akaenda chuo cha ualimu, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho. Mtaa mzima ulishamwita Mwalimu kabla hajashika chaki. Ukimuuliza habari za kuoa, alikuwa akisema, "Kwanza nimalize masomo." Mama yake, aliyekuwa na cherehani yake sebuleni, alikwisha kushona nguo za watoto wa majirani wote, na kila akimaliza moja aliinyanyua juu na kuitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku moja mchana, fundi akiwa anabana droo kwa gundi, simu yake ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka chuoni: *Mzazi, kijana wako amekutwa na crib. Fika chuoni Jumatatu asubuhi bila kukosa.*

Aliusoma mara ya kwanza amesimama, mara ya pili ameketi. Droo ikakauka imepinda. Kisha akavuka ua, akaingia sebuleni bila kuvua aproni iliyojaa vumbi la mbao, jambo alilokuwa amekatazwa tangu waoane.

"Mke wangu," akasema, "tumepata mjukuu."

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akapokea simu, akaisogeza mbali na macho, akaisoma.

"Hapa pameandikwa mjukuu wapi?"

"Hilo neno la Kiingereza. Ni kitanda cha mtoto. Lipo kitabuni, ukurasa wenye kona iliyokunjwa."

"Sasa akutwe na kitanda, kwani amekiiba?"

"Chuo kizima kile, kitanda cha mtoto kinatafuta nini? Fikiri, mama. Mtu anakutwa na kitanda cha mtoto kwa kuwa ana mtoto, au anamtarajia."

"Mbona wasiseme tu kuna mimba?"

Fundi akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeishi muda mrefu na kitabu cha kigeni. "Wazungu wana adabu. Hawataji mimba hivihivi. Wanataja kitanda, wewe mwenyewe unamaliza."

Mkewe hakusadiki, lakini pia hakukataa. Neno hilo lilikuwa tamu mno kulikataa. Alifikicha macho, akasema kijana huyu amewaaibisha, kwamba mwalimu gani huyu anayewazalisha wenzake darasani, kwamba yeye hana uso wa kuwatazama majirani. Huku akisema hivyo, mkono wake ulikuwa umeshafungua boksi la vitambaa na ulikuwa unatafuta kipande laini cha njano, rangi isiyochagua mvulana wala msichana.

Jioni kijana akapiga simu kwa namba ngeni. Simu yake ilikuwa imechukuliwa chuoni, hii ilikuwa ya kuazima, na mwenye simu alikuwa akisikika nyuma akilalamikia salio lake.

"Shikamoo, baba. Umepata ujumbe?"

"Marahaba. Nimeupata."

"Sijui hata niseme nini."

"Basi usiseme. Wewe ni mtu mzima. Jambo hili limeanza lini?"

"Muhula uliopita."

Fundi akamtazama mkewe, akamnyooshea vidole vya miezi. Mkewe akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hesabu imekubali.

"Na mwenzako ni nani?"

"Baba, siwezi kumtaja. Nikimtaja, naye atafukuzwa."

Fundi alikuwa amejiandaa kugomba, lakini mtu anayemstahi mwenzake kiasi hicho utamgombezaje? "Umefanya vizuri," akasema. "Huo ndio uanaume."

Upande wa pili kijana alitulia kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. "Hujakasirika?"

"Nimekasirika. Ila hasira hailei mtu. Niambie tu, kamefikia ukubwa gani?"

"Kadogo sana, baba. Kanaenea kwenye kiganja."

"Kwenye kiganja!" Fundi aliufungua mkono wake mpana wenye sugu, akautazama, na macho yakamjaa maji.

"Nilidhani hawatanigundua," kijana akasema kwa sauti ya chini.

"Mambo hayo hayafichiki, mwanangu. Leo utaficha, kesho yanakua."

Salio likaisha. Kwa hiyo kila mmoja akabaki na furaha yake: baba kwa kupata mjukuu, na mwana kwa kugundua kwamba ana baba mwelewa kuliko wote duniani.

Kesho yake asubuhi kazi za wateja zilisukumwa pembeni. Fundi Kioo alikitoa kitabu chake, akakiegemeza dirishani, akakata mbao ngumu aliyokuwa ameiweka akiba kwa miaka bila kujua anaiwekea nini. Vijiti akavipiga msasa hadi vikawa kama mifupa ya samaki. Kila kitu kilikwenda kama kitabu kilivyoagiza, mpaka mkewe alipoingia karakanani na kujaribu kuinama juu ya kitanda kama anayemtoa mtoto. Alifika nusu, akashika kiuno, akaguna. Mgongo wake uliharibiwa na cherehani siku nyingi.

"Kizuri," akasema, "lakini huyo mtoto wako akilia, utamwinua mwenyewe."

Fundi akatazama kitabu. Kitabu hakikuwa na jibu. Watu wa kitabuni walikuwa na migongo mizima. Akazunguka kitanda mara kadhaa huku penseli iko sikioni. Mwisho akakata ubavu mmoja, akaufunga bawaba kwa chini na komeo kwa juu, ukawa unaweza kulala kama mlango wa kizimba. Mkewe akaja, akafungua, akanyoosha mikono bila kuinama hata kidogo, akambeba mtoto wa hewani na kumpakata. Fundi alisimama akiitazama ile bawaba kwa wasiwasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutengeneza kitu ambacho hakukiona popote, na alihisi kama mtu aliyetoka nje bila shati.

Jumatatu alikodi pikapu. Alikuwa amekata shauri: hawezi kwenda mbele ya wasomi mikono mitupu, akaonekana ni familia isiyobeba mzigo wake. Kitanda kilifungwa kamba nyuma, ndani yake mto mdogo na kofia ya njano, na njiani watu walikuwa wakimpungia dereva na kumpongeza. Dereva, ambaye mkewe kwa kweli alikuwa anakaribia kujifungua, alijibu pongezi zote bila kusita.

Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo, mwanamume mwenye kola iliyombana na karatasi nyingi mezani. Kando yake aliketi mkufunzi wa Kiingereza, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Kijana alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mikono katikati ya magoti. Alipoinua macho kumtazama baba yake aliona kwanza miguu minne ya mbao ikiingia mlangoni, halafu vijiti, halafu kofia ya njano, halafu baba mwenyewe na dereva wa pikapu, wote wanahema.

Mkuu wa chuo alingoja mpaka kitanda kikatua zuliani.

"Mzee, karibu. Hicho ni nini?"

"Crib," akajibu Fundi Kioo, na kwa mara ya kwanza maishani alijivunia matamshi yake. "Mlisema amekutwa na moja. Mimi nimeleta nyingine. Sijui hiyo yenu ikoje, lakini hii ni imara zaidi."

Dereva, aliyepaswa kutoka, alibaki.

"Unajua ulichoitiwa?" akauliza mkuu.

"Najua. Nimekuja kuomba mambo mawili tu. Kijana amalize masomo yake, na huyo binti asifukuzwe. Mtoto tutamlea sisi. Bibi yake ameshaanza kushona."

"Binti gani?"

"Huyo mwenye mimba."

Mkuu akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akavaa miwani, akamtazama kijana. "Kuna binti ana mimba yako?"

"Hakuna!" Kijana aliruka kitini kama aliyeketi juu ya sindano. "Baba, mimba gani?"

"Si ulisema kanaenea kiganjani?"

Mkufunzi alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliuma mdomo, akafungua bahasha, akaweka mezani kipande cha karatasi kilichokunjwa kama feni, kimejaa maandishi madogo kama safu ya sisimizi. "Mzee," akasema kwa upole, "hii ndiyo crib aliyokutwa nayo. Kwenye soksi. Katikati ya mtihani."

Fundi Kioo aliichukua, akaigeuza upande wa pili, akaikunjua mpaka mwisho, kama vile kitanda kimefichwa katika mikunjo. "Hii ni karatasi," akasema.

"Ni karatasi ya kunakilia majibu. Kiingereza nacho kinaiita crib."

"Mama, samahani. Crib ni kitanda cha mtoto. Nimezitengeneza tangu huyu hajazaliwa."

Mkuu alitaka kuendelea na kikao, lakini mkufunzi alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno ukimgusa hapo ni sawa na kumnusisha mlevi pombe. Akasogeza kiti. Akaeleza kwamba neno hilo zamani sana lilikuwa hori, lile la kulishia ng'ombe. Likatumika kwa kibanda kidogo, likatumika kwa kapu, na kitanda cha mtoto kikalirithi kwa sababu kina kuta kama za hori. Halafu wakaja wadokozi. Inasemekana walikuwa wakitia vitu vya watu kapuni na kwenda zao, basi kudokoa nako kukaitwa jina hilohilo. Na mwisho wanafunzi, ambao hawana haja na makapu, wakawa wanadokoa sentensi.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo Mwingereza alikuwa na kitanda cha mtoto na wizi, akaona vyote jina moja linatosha?"

"Ndivyo ilivyotokea."

"Kwani maneno yalikuwa yamemwishia?"

Dereva akacheka, akatolewa nje.

"Na letu je, kunakili?" fundi akauliza. Alikuwa anatafuta pa kushika. "Maana mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Na sijawahi kuitwa mwizi."

"Letu limetoka kwa Waarabu. Kwao ni kuhamisha kitu, kukibeba kutoka hapa kukipeleka pale."

"Basi mimi ni mchukuzi."

"Wewe ni mchukuzi, mzee. Ukibeba kiti kutoka kitabuni, kinafika mtu anakikalia. Huyu hakubeba kitu. Ataingia darasani kesho na watoto wa watu watamkuta mtupu."

Fundi akamgeukia mwanawe. "Swali lilikuwa linauliza nini?"

Kijana akainamisha kichwa. Mkuu ndiye aliyesoma: "Eleza, kwa maneno yako mwenyewe, umuhimu wa ubunifu katika kazi ya ualimu." Kisha akasoma na jibu, ambalo lilikuwa zuri sana, na ambalo lilianza hivi: *Kama tulivyokwisha kuona katika sura iliyotangulia.*

Kwa muda mrefu Fundi Kioo aliitazama ile kofia ya njano. Ajabu ni kwamba kilichomuuma wakati ule hakikuwa aibu. Aibu aliijua, ingefika baadaye, ilikuwa bado njiani. Kilichomuuma ni msiba. Alikuwa ameishi siku tatu na mjukuu, alikwisha kumchagulia jina la utani, na sasa mjukuu amekufa kwa maelezo ya kamusi.

Mkuu akasoma sheria za chuo kuhusu kunakili kazi za wengine. Zilikuwa nyingi na kali. Karatasi ya sheria hizo ilikuwa fotokopi, na juu, palipokuwa na jina la chuo kingine, pamekatwa kwa kalamu na jina la chuo hiki likaandikwa kwa mkono. Hukumu ikawa kijana arudi nyumbani, aje kurudia mwaka. Alipoulizwa kwa mara ya mwisho nani alimwandikia ile karatasi, alinyamaza, na baba yake, pamoja na yote, akaona kwamba angalau hilo halikuwa la kuiga.

Walipokuwa wananyanyua kitanda, mkufunzi aligusa ule ubavu unaolala. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. "Hii umeitoa kitabu gani?"

"Hakuna kitabu. Mke wangu ana mgongo."

"Basi, mzee, humu ofisini kitu ambacho hakikunakiliwa ni hicho tu." Na mkuu wa chuo, taratibu, akaifunika karatasi yake ya sheria kwa kiwiko.

Safari ya kurudi ilikuwa ya watu watatu mbele, wote wanatazama barabara. Katikati ya njia kijana akasema, "Nilidhani umenielewa."

"Nilikuelewa kuliko ulivyosema," baba akajibu. "Ungenipa mjukuu ningekusamehe siku ileile. Sasa itabidi nijifunze kukusamehe kwa kitu kisicho na faida."

Dereva, aliyekuwa akimeza cheko tangu chuoni, akakohoa. Akauliza kama kitanda kina mwenyewe. Walipofika, hawakukishusha, kilikwenda na pikapu mpaka kwake, na wiki ileile kikapata mtu wa kukilalia, msichana mwenye mapafu ambayo mtaa mzima uliyasikia. Mke wa fundi alipoona kofia ya njano imerudi peke yake aliikunja akaiweka. Mtoto alipozaliwa aliipeleka kwa dereva kwa miguu yake mwenyewe, na alikaa huko hadi jioni.

Mwaka ule wa kusubiri, Mwalimu aliupitisha karakanani, na ulikuwa mwaka mrefu kwa wote wawili. Kijana hakuwa na mkono wa ufundi. Ukimpa stuli aige, anakuletea kitu ambacho hakifanani na stuli wala na kitu kingine chochote. "Hata kunakili hujui," baba yake alikuwa akifoka, "sasa ulikwenda kuibia mtihani kwa kipaji gani?" Lakini jioni, kijana akiwa amelala kifudifudi juu ya vitabu vyake kwenye meza ya kazi, kati ya vumbi na gundi, fundi alikuwa akifunga karakana polepole ili asimkatize, na mara mbili alimkuta akijisomea kwa sauti jambo fulani, anakosea, anaanza tena. Hakuwahi kumwona mtu akihangaika hivyo na kitu ambacho tayari kimeandikwa.

Huku nyuma, kitanda cha ubavu wa kulala kilikuwa na habari zake. Wageni wa dereva walikiona, wakakisifu, na haukupita muda fundi mmoja wa mtaa wa pili akaweka vitatu kama hicho nje ya duka lake. Fundi Kioo alipopata habari alivua aproni, akaenda mbio mbio, mishipa ya shingo imemsimama. Njiani alikuwa anatafuta tusi la kutosha. Alipofika akasimama mbele ya vile vitanda, na neno lililomjia mdomoni, *mwizi*, likakataa kutoka, kana kwamba limemtambua. Alibaki hapo akifungua na kufunga bawaba moja. Kisha akamwita mwenye duka.

"Bawaba umezifunga kinyume," akamwambia. "Huu ubavu utaanguka na mtoto wa watu. Lete bisibisi."

Alizifunga upya kwenye vitanda vyote vitatu. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba amekwenda kugombana.

Mwaka ulipotimia kijana alirudi chuoni, akafanya mtihani kwa kichwa chake mwenyewe, akafaulu kwa alama ambazo hakuna mtu angetaka kuziiba. Zilitosha. Akapangiwa shule ya msingi si mbali sana, na siku moja baba yake, akiwa amepeleka madawati huko, alipita nje ya dirisha la darasa lake na kusimama kidogo kwenye kivuli cha ukuta, kama mtu anayesubiri mvua.

Mwanawe alikuwa mbele, chaki mkononi, ameujaza ubao kutoka juu mpaka chini kwa mwandiko mzuri ulionyooka. Watoto walikuwa wameinama, wengine ndimi nje kwa bidii.

"Nakilini yote," Mwalimu alikuwa akisema. "Haraka, kabla sijafuta. Na mtu asibadilishe hata neno moja."

Fundi Kioo alirudi nyumbani amechelewa. Mkewe alimwekea maji ya kunawa, akamuuliza, "Umemwona mwanao? Anafundisha vizuri?"

Fundi alinawa mikono yote miwili, akaifuta taratibu kidole kwa kidole.

"Anaandika vizuri," akasema.